Presi Fupi ya Mzee Emukule

Mzee Wilbrod Emukule alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 karibu na soko la Angurai, mtoto wa marehemu Mzee Yokana Okwakol na marehemu Mama Regina Akiteng. Alikua mrefu, na mpaka anatuacha alikuwa anainama kupita kila mlango wa boma hili. Urefu huo tuukumbuke, tutaurudia.

Alisoma hapa hapa Angurai hadi darasa la saba, mwaka 1973. Kusoma alikuweza, kukaa kitini ndiko kulikomshinda. Mwaka 1975 alivuka mpaka akaenda Tororo kwa mhunzi aliyeitwa fundi Etyang, akafundishwa kuwasha tanuri, kushika koleo na kupiga chuma kingali chekundu. Alirudi mwaka 1979, na mwaka uliofuata akafungua karakana Malaba, nyuma ya maegesho ya malori. Hakupachagua bure. Ekseli za malori yaliyoharibika ndizo zilizompa chuma cha kufulia vichwa vya nyundo, na wavunja kokoto kutoka Amukura hadi Marachi hawakutaka nyundo nyingine.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa kanisani na Kolastika Atyang wa Amukura. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni alifika na masizi puani, na mama mkwe akauliza kama binti yake anaolewa na mtu ama na jiko la makaa. Mama Atyang anasema alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na huko nje akaamua. Walijaliwa Brendah, Emong na Mercyline.

Mwaka 2016 bega lake la kulia lilikataa kazi. Daktari alimwambia, "Mzee, nyundo basi." Akamjibu, "Haya, na wewe utakuja lini kunifulia?" Mdogo wake, Mzee Oluka, alimshauri afunge karakana arudi nyumbani kulima mtama. Alikataa katakata. Alisema atanunua presi ya haidroliki, ikandamize chuma badala ya bega lake.

Ya kwanza aliichagua vibaya, na hatutaficha. Aliona imeandikwa tani hamsini, akadhani tani ndizo kila kitu. Kumbe ilikuwa ya gereji, ya kutolea beringi, ya kupampu kwa mkono. Yeye anapampu, chuma kinapoa. Siku ya kwanza tu, kitobozi cha kutoboa tundu la mpini kilinaswa ndani ya kichwa cha nyundo kama jino, na Malaba ikamcheka wiki mbili nzima. Aliwaambia, "Chekeni tu. Mimi bado sijamaliza."

Mwaka 2018 alikwenda Kisumu pamoja na Brendah, kifungua mimba wake. Safari hii hakuuliza tani. Alikuwa amegundua kwamba kipande cha ekseli kikishabanwa kwenye presi huanza kuwa cheusi kabla mtu hajamaliza Baba Yetu. Muuzaji akamwonyesha presi kubwa kuliko zote, akaiwasha. Mzee akafumba macho, akaanza kusali kwa sauti.

"Mzee, unaombea mashine yangu ama?"

"Boss, naipima."

Presi ilishuka, ikapanda taratibu, na Mzee alikuwa ameshafika amina. "Hii hapana," akasema. "Itanifulia maiti." Tano zilishindwa namna hiyo, na muuzaji naye akawa anaitikia. Ya sita, tani ishirini na tano tu, ilishuka ikarudi kabla Mzee hajaomba mkate wa kila siku. Ilikuwa na mota ya stima, pedali ya mguu, na ubavu ulio wazi wa kupitishia koleo. Akaichukua.

Ilipofika Malaba, alimwita fundi wa kuchomelea, Mulama, akamwagiza aikate miguu inchi saba. Watu wakasema mzee sasa amezeeka, amepima vibaya tena. Kwa miaka sita aliifanyia kazi ameinama, mkono mmoja kiunoni. Wateja walimwambia, "Mzee, si uiinue kidogo?" Alijibu, "Iko sawa."

Mwaka jana, mwezi wa Juni, moyo wake ulianza kudhoofika. Alitibiwa Busia, kisha Kisumu, na familia inawashukuru wote waliomhudumia. Jioni yake ya mwisho alimuuliza Brendah kama mafuta ya presi yamebadilishwa. Akaambiwa ndiyo. Akasema, "Basi vizuri." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Februari 2025.

Katika mikutano ya kupanga mazishi haya imesemwa, na si mara moja, kwamba presi iuzwe. Imesemwa Emong ni mwalimu, Mercyline ameolewa, na tanuri si mahali pa mwanamke, kwa hivyo hakuna wa kuiendesha. Jamani! Brendah amekanyaga pedali hiyo tangu 2019, na nusu ya nyundo mlizo nazo nyumbani ni zake. Jambo hili lijibiwe hapa hapa, mbele ya jeneza, wote mkisikia.

Juzi Mulama alikuja kutupa pole, akatueleza habari ya siku ile ya kukata miguu. Mzee alimsimamisha Brendah mbele ya presi, Brendah ambaye ufupi wake ni wa mama yake, akamwambia aweke mguu kwenye pedali na kukunja kiwiko. Akapiga alama ya chaki pale kiwiko kilipofika. "Kata, meza yake ije hapa." Mulama akamuuliza, "Na wewe mzee, je?"

"Mimi nitainama."

Mzee Emukule ameacha mjane, Mama Kolastika Atyang, watoto Brendah, Emong na Mercyline, wajukuu watano, na ndugu yake Mzee Oluka, ambaye tunamheshimu sana, na kwa jambo hili la kuuza presi hatukubaliani naye.

Baba, umeinama vya kutosha. Nyoosha mgongo sasa, upumzike kwa amani. Jumatatu saa mbili asubuhi, Brendah anawasha presi.