Kabla Lori Halijaondoka na Mashine ya Zamani

Risala ya wafanyakazi wa kitengo cha vipimo vya moyo, iliyosomwa na muuguzi wa wodi ya watoto siku ya kupokea mashine mpya

Mgeni rasmi, uliyetufanya tupige deki ukumbi huu mara mbili na bado tukaona vumbi, mganga mkuu, wakuu wa vitengo, wazazi na wagonjwa, fundi cherehani uliyetushonea pazia hili bila kuombwa, na wewe dereva wa lori unayesikiliza kutoka dirishani: salamu kwenu nyote.

KARIBU KWETU

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu, na kwetu sisi moyo si neno la kupambia barua, maana ndio unaotulisha. Risala hii tuliimaliza leo asubuhi, ila mstari mmoja tumeuongeza kwa kalamu sasa hivi. Ulipofika mlangoni ulimpa mkono mfagizi wetu kabla ya kumpa mganga mkuu. Mganga mkuu hakununa, na mfagizi bado anautazama mkono wake.

Mashine mpya uliyotuletea tumekwisha kuijaribu. Picha zake zinaonekana waziwazi mno, hata mzee mmoja tuliyempima asubuhi alipouona moyo wake ukidunda kwenye kioo aliuliza kama anaruhusiwa kuupungia mkono. Tulimruhusu. Tunakushukuru wewe na wenzako wote, na shukrani hizi si za mdomoni tu.

Aliyestahili kuisoma risala hii ni mpimaji wetu mkuu, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Mapigo. Amekataa katakata. Amesema akisoma yeye atalia, na mashine mpya haipendi maji. Basi ameketi pale kando ya pazia, na sisi tunamsemea, tukijua kwamba tukikosea atatukata jicho.

TULIKOTOKA

Huo muungurumo mnaousikia nyuma ya pazia ni mashine yetu ya zamani. Hatujaizima. Imempima mtu na mama yake, na wengine imewapima mpaka na watoto wao. Mama Mapigo huipapasa ubavuni kila anapoingia kazini, na akidhani hatumwoni huisalimia.

Mashine hiyo ina akili. Ikimaliza kupima haiandiki maneno ovyo ovyo. Inaandika ripoti yenye matawi. Moyo una vyumba, chumba kina upana wake, upana una namna ulivyopimwa, na kila kitu kimening'inia mahali pake. Taabu ni kwamba ilichokiandika yenyewe, ilikisoma yenyewe tu. Ripoti haikufunguka kwenye kompyuta nyingine yoyote ya hospitali hii.

Kwa hiyo daktari wa wodi akitaka kujua habari za mgonjwa wake, ilimbidi ashuke ngazi, avuke ua wa kuanikia mashuka, aje asimame nyuma ya kiti cha Mama Mapigo. Wakija wengi walijipanga. Mwingine alinakili tarakimu kwenye kiganja cha mkono, akafika wodini mkono umeshatoka jasho.

"Mama, ilikuwa tatu au nane?" alikuwa akipiga simu kuuliza.

"Rudi uangalie mwenyewe," Mama Mapigo alikuwa akimjibu. "Mimi moyo wa mtu sikisii."

KAKA MSTARI NA AMRI YAKE

Kisha akaja fundi wa kompyuta. Tulimpa ofisi iliyokuwa stoo, na kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha, alijitwalia kiti kibovu cha wagonjwa wa meno. Mpaka leo anafanya kazi ameegemea nyuma utadhani anasubiri kung'olewa jino. Tunamwita Kaka Mstari, kwa sababu programu aliyotuletea haina madirisha wala picha za kubonyeza. Unaiandikia mstari mmoja wa amri: jina la programu, jina la ripoti, na jina la ukurasa unaoutaka. Unabonyeza enta. Ripoti yenye matawi inageuka ukurasa wa wavuti, ambao kompyuta yoyote inaweza kuufungua.

Siku ya kwanza Mama Mapigo alisimama nyuma ya kile kiti cha meno, mikono kiunoni.

"Mbona haisemi kitu?"

"Imemaliza, mama."

"Imemaliza nini, na imekaa kimya?"

"Ikinyamaza ujue imefanikiwa. Ikiharibikiwa ndipo inasema."

"Basi ni kinyume cha mume wangu," akasema Mama Mapigo. "Yeye akinyamaza, najua kuna kitu kavunja."

Hata hivyo hakuamini, akambonyezesha mara ya pili na ya tatu, na sisi wote tukawa na ugonjwa huo kwa muda mrefu. Lakini ukurasa ulipofunguka kwenye kompyuta ya wodi ya watoto, na daktari akausoma akiwa amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa badala ya kusimama nyuma ya kiti cha mtu, Mama Mapigo alivua miwani akaifuta. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Tangu hapo tumeepukana na ngazi nyingi, na mashuka uani hayagongwi tena na madaktari wenye haraka.

HOFU TULIYOIPATA

Mgeni rasmi, tungeweza kuishia hapo tukapigiwa makofi. Lakini kuna jambo lazima ulijue ili uelewe ombi letu.

Fundi cherehani ana binti. Hapa hospitalini tunamwita Mwalimu, kwa sababu amepimwa tangu akiwa mchanga, na leo ndiye anayewafundisha watoto wengine kulala kwa ubavu wa kushoto na kubana pumzi. "Usicheke," huwaambia, "ukicheka moyo unakimbia." Mama Mapigo humwachia kazi hiyo kwa furaha, na watoto humtii Mwalimu kuliko wanavyotutii sisi.

Ile programu, kama ikiachwa ifanye inavyopenda, maelezo marefu huyapeleka mwisho wa ukurasa, kwenye kiambatisho. Katikati huacha neno la buluu la kubonyeza. Kwenye kompyuta ni raha tupu: unabonyeza, unashushwa mpaka chini. Lakini wodini kwetu tunapenda karatasi. Tulichapisha ripoti ya Mwalimu, na ili kubana matumizi ya karatasi tukachapisha ukurasa wa mbele tu. Penye habari za vali pakawa pameandikwa "tazama kiambatisho." Muuguzi mmoja alionekana akilibonyeza neno hilo kwenye karatasi kwa kidole gumba. Tulimcheka tukavunjika mbavu. Hatukujiuliza kiambatisho kiko wapi.

Karatasi haikusema baya lolote. Mtoto akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mama Mapigo aliwakuta kwenye veranda, baba amebeba begi, binti amebeba viatu vyake mkononi.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani, dada. Tumeruhusiwa."

"Nani kawaruhusu? Mimi nimeandika vali inavuja kuliko mwanzo!"

"Karatasi haikusema hivyo."

Alituambia baadaye kwamba alishika ukuta, na kitu pekee alichokiona ni vile viatu. Kisha akajikaza, akamshika Mwalimu mkono, akamrudisha kitandani yeye mwenyewe. Hakumgombeza mtu. Tungefurahi kama angetugombeza.

Siku hiyo hiyo Kaka Mstari aliongeza neno moja kwenye amri, na tangu hapo kila kitu kinafunuliwa mahali pake, hakuna kinachopelekwa chini. Lakini Mama Mapigo akaweka na sheria yake. Hakuna ukurasa unaotoka kwetu kabla ya kuitikiana. Yeye hukaa mbele ya mashine ya zamani na kusoma kilicho kwenye kioo, na Kaka Mstari hujibu kutoka kwenye ukurasa.

"Chumba cha kushoto chini?"

"Kimetanuka kidogo."

"Vali?"

"Inavuja."

Mgeni akipita nje hudhani tunasali. Ndivyo tunavyofanya kazi, na tangu tuanze kuitikiana hakuna mtoto aliyeruhusiwa kimakosa kwa karatasi iliyotoka kwetu.

KAZI ILIYOBAKI

Daktari bingwa wa upasuaji amekubali kumwona Mwalimu. Amesema maneno ambayo Mama Mapigo anayarudia hata akila: "Nileteeni alikotoka, siyo alipo tu." Anataka kuona moyo ule ulivyotanuka tangu alipokuwa mchanga, kwa sababu hapo ndipo atakapojua kama ampasue sasa au amsubirishe akue. Akikisia, anakisia moyo wa mtoto.

Vipimo vyote hivyo vimo nyuma ya pazia. Lakini Mwalimu alipopimwa mara za mwanzo hakuwa amepewa jina. Mashine ilimsajili "mtoto mchanga," na humo ndani watoto wachanga wamejaa tele. Ni lazima kufungua ripoti moja moja na kutafuta jina la mama. Mashine yenyewe ni mzee, ukiiharakisha inaganda. Tena zile ripoti za kale ziliandikwa kwa mapengo, na programu ikiziona husema, tena husema sana. Kaka Mstari anajua kuilainisha izipokee hivyo hivyo. Ila ukurasa uliopatikana kwa kulainishwa hatuthubutu kuuamini mpaka tuitikiane na kioo cha zamani, na hatuwezi kuitikiana na kioo kilichozimwa.

Sasa, mgeni rasmi, lori. Tumeelezwa kwamba makubaliano ndivyo yalivyo: mpya ikishuka, ya zamani inapanda. Hatulaumu mtu. Mashine kuukuu ina vipuri vinavyofaa kwingine, na walioandika makubaliano hawakujua kilichomo tumboni mwake. Dereva ni mtu mwungwana. Ameniambia, "Dada, mimi nimeagizwa nisirudi na lori tupu." Tumempa chai, akanywa. Tumempa nyingine, akanywa. Ya tatu ameikataa, na ndipo tulipojua kwamba ni lazima tukuombe wewe.

MAOMBI YETU

Tunaomba mashine ya zamani ibaki nyuma ya pazia mpaka ripoti ya mwisho itoke na kuitikiwa. Haitatumia umeme mwingi, na haitaionea wivu mpya.

Tunaomba pia waliotengeneza hii mpya watuachie mlango wazi, ili ripoti zake nazo ziweze kutoka na kugeuzwa kurasa, tusije siku moja tukasimama tena nyuma ya kiti cha mtu na tarakimu viganjani.

Kaka Mstari alitukataza tusimwombee kiti. Tunamtii, hatuombi kiti. Tunakukaribisha tu upite ofisini kwake, uketi kidogo kwenye kile alichonacho.

SHUKRANI, NA JAMBO MOJA LA MWISHO

Hatukutaka siku ya furaha iwe siku ya kulalamika, na tukikusanya yote pamoja, tuna furaha zaidi kuliko malalamiko. Leo tumepewa macho mapya. Watoto watakaozaliwa watapimwa vizuri kuliko tulivyoweza kuwapima wakubwa zao. Mama Mapigo aliishika mashine yako kwa mara ya kwanza akasema, "Hii nitazeeka nayo." Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa, sisi tumefanya naye kazi na hajawahi kutusifu hivyo.

Pazia alilotushonea fundi cherehani litafunguliwa baadaye kidogo. Kabla hujalifungua, tazama hapo mezani kwako. Kuna kibodi, na amri imekwisha kuandikwa. Ni ya ripoti ambayo Mama Mapigo aliipata leo asubuhi, tulipokuwa tunapanga viti. Alitoka nyuma ya pazia ameshika mdomo, akawa anatuonyesha kioo kwa kidole. Ni kipimo cha kwanza kabisa cha Mwalimu, alipokuwa bado hana jina. Ripoti zilizofuata bado tunazitafuta. Mwalimu mwenyewe ameketi safu ya pili, karibu na baba yake, na leo viatu viko miguuni.

Tunakuomba ubonyeze enta kwa kidole chako mwenyewe. Programu itanyamaza. Usishtuke, na tafadhali usibonyeze mara ya pili. Kwake kunyamaza ni kukubali. Lakini wewe, mgeni wetu, tunakuomba sana usitujibu kwa kunyamaza. Dereva yuko dirishani. Mwambie kwa sauti, asikie, na Mwalimu asikie.

Mungu akupe moyo usiotuhitaji kamwe. Na kama siku moja utatuhitaji, utukute tunajua ulikotoka.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Vipimo vya Moyo,
pamoja na fundi cherehani na binti yake