Historia ya Marehemu Mahfoudh bin Thani, Aliyengojea Mwisho wa Msimu

Bismillahi Rahmani Rahim. Mashekhe, wazee wangu, jirani zetu wa Matrah, jamaa mliotoka Maskati na Yiti, na akina bibi mlioko ndani, assalam alaykum. Najua si desturi yetu kusomeana maisha ya mtu matangani, sisi huzika, tukasoma khitma, tukaomba dua, tukanywa kahawa na kutawanyika, lakini Bi Muhsina, mjane wa marehemu, ameomba historia ya mumewe isomwe leo, siku ya tatu, Alhamisi tarehe 8 Oktoba 1970, na amesema nisome mimi, Suud bin Thani, mdogo wake marehemu, na sababu ya kunichagua mimi anaijua yeye na ninaijua mimi, na mkinivumilia mtaijua nanyi.

Marehemu kaka yangu Mahfoudh alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, tarehe 4 Machi 1926, mtoto wa kwanza wa mzee wetu Thani. Alisoma chuoni akahitimu Kurani akiwa na miaka tisa, kisha akaingia skuli ya serikali, akatoka mwaka 1943 na mwandiko mzuri ambao kila aliyeuona aliusifu, na mwandiko huo ndio uliompa kazi zote alizowahi kufanya. Kuanzia mwaka 1944 alikuwa karani wa ghala bandarini, na tarehe 10 Mei 1951 alimuoa Bi Muhsina, wakajaaliwa watoto wawili, Bakhit aliyezaliwa mwaka 1953 na Rahila aliyezaliwa mwaka 1956, na wote wawili tunao hapa leo, Mungu awape subira.

Mwaka 1960 Wamarekani walijenga Tunguu kituo chao cha kufuatilia vyombo vya angani, marehemu akaajiriwa karani wa stoo, na huko ndiko alikopata jambo ambalo wengi wenu mlilijua kwa kulicheka. Wamarekani wale jioni walikuwa wakicheza mchezo wao wa besiboli kwenye kiwanja cha nyuma, mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu na kukimbia kuzunguka vituo vinne, na kwa kuwa walipenda kila mrusho uandikwe na wao wenyewe walikuwa wavivu wa kuandika, walimpa marehemu daftari wakamfundisha alama zake. Kaka yangu hakuwahi kurusha mpira hata mara moja maishani mwake, lakini alijua kuuandika mchezo ule kama alivyojua kuandika barua, na alikuwa akisema kwamba mchezo ambao haukuandikwa mwanzo mpaka mwisho yeye hauhesabu kuwa umechezwa.

Januari 1964 ikatukuta sote, sitaieleza, maana kila aliyeketi hapa ana yake, nasema tu kwamba familia yetu iliingia Matrah kwa meli tarehe 21 Juni 1964, watu saba na masanduku mawili. Mimi nikafungua kiduka cha nguo sokoni, na marehemu akapata kazi hospitali ya Wamarekani hapa Matrah, kuandikisha wagonjwa na kugawa dawa, kazi aliyoifanya miaka sita bila kukosa siku, mpaka maradhi yalipomlaza.

Hapo hospitalini palikuwa na muuguzi wa Kimarekani ambaye nduguye alikuwa akimletea magazeti ya kwao kwa meli, mafurushi ya mwezi mzima yanayofika yakiwa na umri wa miezi miwili, na akishayasoma yeye humpa marehemu. Mnakumbuka kuwa nchi hii haikuwa na gazeti lolote, karatasi yenyewe ilikuwa adimu, na sote tulimuona kaka yangu kila siku baada ya sala ya alasiri amekaa barazani na gazeti moja tu, la tarehe inayofuata ile ya jana, wala hakuwahi kuruka mbele kuchungulia, ingawa furushi zima alikuwa nalo chini ya kitanda. Muuguzi aliyekuwa akijua matokeo yote alikatazwa kutia neno, na marehemu aliwahi kumwambia, "Bibi, kuambiwa si kusoma, mimi nnataka nifike huko kwa miguu yangu."

Na maoni alikuwa nayo tele. Mwaka ule wa 1964 timu ya Philadelphia ilikuwa inaongoza kwa mechi sita na nusu, kwa hesabu yao wenyewe, zikiwa zimebaki kumi na mbili, ikapoteza kumi mfululizo, na marehemu alishikilia mpaka mwisho kwamba kosa ni la kuwarejesha warushaji walewale wawili kila mara bila kuwapumzisha, akalieleza hilo kwa hasira hata kwa watu waliokuja kuomba dawa ya kikohozi. Mwaka 1966 Yankees, wakubwa wa New York waliozoea ubingwa, waliposhika mkia, mimi nilitegemea atafurahi maana hakuwapenda, lakini alilikunja gazeti akasema, "Usimcheke mtu nyumba yake ikimwangukia, Suud, sisi ya kwetu tumeiona."

Timu yake yeye ilikuwa Mets, timu nyingine ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1962. Mji ule ulikuwa na timu mbili za zamani zilizohamishiwa California, waliozipenda wakabaki hawana wa kumshangilia, ndipo ikaundwa hii kwa wachezaji ambao wenzao hawakuwataka, na mwaka wake wa kwanza ikapoteza mechi mia na ishirini. Marehemu aliipenda kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1964 ilikuwa ya mwisho, 1965 ya mwisho, 1966 ikawa ya pili kutoka mwisho, 1967 ya mwisho tena, 1968 ya pili kutoka mwisho, na kila mwaka yeye alisema hawa watainuka, wana warushaji vijana, wapeni muda, na mimi kila mwaka nilimuuliza mbele ya watu, "Kaka, mayatima wako wamelala na njaa tena?" Nilisema hivyo barazani, nilisema dukani, nilisema hata mbele ya wanawe, na watu walicheka, na yeye alicheka nao, nami nikachukulia kuwa maneno hayo hayamuumi.

Msimu wa 1969 aliusoma kwa namna ambayo Bi Muhsina anasema hakupata kumuona nayo tangu Unguja. Katikati ya Agosti ya magazetini, yaani Oktoba yetu, Mets ilikuwa nyuma ya Chicago kwa mechi kumi, kisha ikaanza kushinda, gazeti baada ya gazeti, na marehemu akawa anarudi kutoka kazini anatembea upesi kama ana mgeni nyumbani. Furushi la mwisho, lenye mwisho wa msimu na fainali yake, lilifika Jumatano tarehe 17 Disemba 1969, siku mbili kabla ya harusi ya binti yangu Kheiria. Marehemu ndiye aliyesimamia kila kitu cha harusi ile, mialiko, mahema, wageni wa Yiti, na kwa kuwa hakutaka kusoma huku akiitwa, alilisukuma furushi chini ya kitanda bila kulifungua, akasema ataanza Jumamosi.

Harusi ya Ijumaa ilijaa kuliko tulivyokadiria, halua ikapikwa sufuria ya pili, vibakuli vya udongo vya kupelekea majumbani vikaisha, na akina bibi wakaniuliza wafungie nini. Kwetu Unguja halua iliyozidi ilifungwa kwenye gazeti, sote tumekulia hilo, hakuna aliyekuwa akifikiri mara mbili, na mimi nilisema maneno ambayo nayasikia tangu siku ile, "Chukueni yale ya chini ya kitanda cha kaka, yameshapitwa na wakati miezi miwili." Yakachukuliwa yote, yakachanwa, ikafungwa halua, na mwisho wa msimu wa kaka yangu ukagawiwa nyumba arubaini, kutoka hapa Matrah mpaka Maskati na Yiti.

Alipojua hakupiga kelele, nami ningeona afadhali angepiga. Aliomba tu orodha ya nyumba, na kwa wiki tatu kila alasiri alikwenda mlango kwa mlango kuulizia karatasi ya halua, watu wakimuonea haya na wengine wakimuonea huruma, wengi wakiwa wameshawashia moto, akavuka mpaka Yiti kwa mashua, ambako Bi Mahbuba, mama wa bwana harusi, alimtolea ukurasa alioutandika kwenye kasha la nguo na kumwambia, "Mwanangu, wallahi sijapata kuona mtu kuja mbali hivi kwa ajili ya karatasi ya halua." Kila ukurasa aliourudisha aliunyunyizia unga unyonye samli, akaupiga pasi, akaupanga kwa tarehe. Alipata kumi na tisa. Zilimfikisha tarehe 7 Oktoba, Mets imeishinda Atlanta mara tatu na inakwenda fainali kucheza na Baltimore, na baada ya hapo hakuna kitu.

Muuguzi aliandika kwao kuomba nakala nyingine, nduguye akajibu kwamba hakuzihifadhi, basi akajitolea kumsimulia kwa mdomo, marehemu akakataa, akasema zilizobaki zipo, zipo katika kabati la mtu hapahapa Matrah, zitatokea. Magazeti ya msimu wa mwaka huu wa 1970 yakawa yanafika, na yeye akayaweka bila kukata kamba, maana hawezi kuanza msimu na uliotangulia haujaisha, na mafurushi hayo yapo chumbani kwake hadi sasa, manne. Mimi nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa Januari nilimwendea muuguzi nikamuuliza nani alishinda, kwa kuwa nilitaka kujua ukubwa wa kosa langu, na nilikuwa nikiomba moyoni Mets iwe imeshindwa, nipate nafuu. Akaniambia, mechi baada ya mechi. Nikakaa na jibu hilo miezi tisa, tukila sahani moja, na sikufungua mdomo.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi wa Agosti mwaka huu, wakati nchi ilipofunguliwa na jamaa zetu wa Mombasa na Dar es Salaam wakaanza kuwasili naye akawa anawapokea bila kujihurumia, na tarehe 22 Septemba alilazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia. Asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Oktoba nilikuwa nimekaa naye peke yangu, akanishika mkono akasema, "Suud, nnajua wewe unajua. Haya n'ambie, nani alichukua?" Mtu aliyekataa kuambiwa na kila mtu kwa karibu mwaka mzima aliniomba mimi nimwambie, nami nikaelewa maana yake, nikaogopa, nikamjibu, "Utasoma mwenyewe kaka, ukitoka hapa." Nilijidai nampa moyo. Ukweli ni kwamba niliona haya kumtajia kile nilichofungia halua. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, yakhe," akageukia ukutani, na ilipofika alasiri Mwenyezi Mungu akamchukua, akiwa na umri wa miaka arubaini na minne.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kama ndugu yao, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza kutoka mlangoni mwa hospitali, jirani waliotupikia siku zote tatu, na nyinyi mliokuja kwa mashua na kwa miguu. Ni ada katika siku kama hii familia kuwaomba watu wamsamehe marehemu aliyowakosea, na mwenye jambo naye namuomba hivyo, ila mimi ninayesoma ndiye mwenye kuhitaji msamaha, na wa kunipa tumemzika juzi.

Kaka Mahfoudh, ulitaka kufika kwa miguu yako, basi nitakwenda kwa mpangilio, nisiruke. Mechi ya kwanza mlifungwa, nne kwa moja, kule Baltimore. Ya pili mlishinda kulekule, mbili kwa moja. Ya tatu mkacheza nyumbani, mkashinda tano kwa bila. Ya nne ikazidi muda wake, mkashinda mbili kwa moja. Ya tano ilikuwa Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 1969, mlikuwa nyuma kwa tatu bila, mkarudi, mkamaliza tano kwa tatu, na watu wa mji ule wakaingia kiwanjani kwa maelfu kwa furaha. Mets ndio mabingwa, kaka. Ulisema kweli miaka yote, na mimi nilijua. Mola akulaze pema, upumzike.