Bi Giza Walikuwa Wawili: Wasifu wa Marehemu Atuganile Mwambene (1989–2025)

Ninyi mliotoka Overport, Morningside na Pinetown asubuhi hii, nanyi mnaotufuata kwa simu kutoka Tukuyu na Bukavu, leo tunamzika mwoga. Familia imeomba neno hilo lisomwe hivyo hivyo, kwa sababu mwenyewe hakulionea haya, na kwa sababu hatujaona mtu aliyeifanyisha hofu kazi kama yeye. Anayesoma ni kaka yake, Godson.

Atuganile alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 katika kijiji cha Masoko, Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, akiwa kitinda mimba wa Mzee Anyelwisye Mwambene na Mama Tumpale, ambao wote wawili wametangulia. Tangu utoto aliogopa. Aliogopa bata mzinga, mvua ya mawe, picha ya babu ukutani na mtu yeyote aliyebisha hodi zaidi ya mara moja. Choo cha nyumbani kilikuwa nyuma ya migomba, na jua likizama hakwenda bila Godson. Kusindikizwa tu hakukumtosha. Alitaka kaka yake asimame nje aimbe, maana mtu aliyenyamaza huenda keshaondoka. Godson alijua pambio moja, tena ubeti mmoja. Akinyamaza kidogo kuvuta pumzi, sauti ilitoka ndani: "Kaka, imba! Imba nijue upo!" Majirani wakadhani kijana wa Mwambene atakuwa mwinjilisti. Amekuwa dereva wa lori.

Alimaliza elimu ya msingi Masoko mwaka 2002 na kidato cha nne Tukuyu mwaka 2006. Madaftari yake ya hesabu yalirudi na kalamu nyekundu nyingi, kwa kuwa pembezoni alichora kila alichokiogopa. Alisema kitu ukishakichora kinabaki kwenye karatasi, hakikufuati kitandani. Januari 2011 alimfuata Godson hapa Durban, akasomea usanifu wa picha na matangazo, akatunukiwa stashahada mwaka 2013.

Mchana alifanya kazi Pinetown, katika karakana ya kuchapa fulana. Lakini kazi tunayomkumbuka nayo ilianza mwaka 2014, kwenye saluni ya Yvette Mapendo, mzaliwa wa Bukavu, pale Overport. Alikwenda kusukwa. Huku akisukwa, alichora msichana aliyejificha chini ya meza, na miguu ya mtu asiyeonekana ikipita mbele yake. Yvette alichungulia begani.

"Sasa huyu mutoto atatoka namna gani?"

"Sijui, dada. Mimi huwa siwatoi."

"Eish! Hauwezi kuacha mutoto wa watu chini ya meza. Leta karatasi."

Akaziacha nywele, akachora dirisha, na mkono wa msichana ukishika kitasa chake. Wakachora mpaka saluni ikafungwa. Atuganile alirudi Pinetown kwa teksi, zile daladala za hapa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko timtim, na abiria wakamwachia nafasi pana ya kukaa.

Ndivyo alivyozaliwa Bi Giza. Wasomaji wengi wa manga, zile katuni za mtindo wa Kijapani zinazosomwa kuanzia kulia, walidhani ni bibi kizee mmoja anayeishi peke yake na paka. Walimwandikia "Shikamoo Bi Giza" na kumtakia afya njema ya magoti. Jina hilo lilichaguliwa kwa hofu: hakuna ambaye angekwenda kumtafuta bibi kizee katika chumba cha nyuma cha saluni, akawakuta humo wanawake wawili wa kigeni. Kanuni yao ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Atuganile: "Mimi namwingiza, wewe mtoe." Alimchora msichana wao, Sikujua, akiingia kwenye hatari hadi pale msomaji anapoacha kupumua, kisha akaweka kalamu chini. Yvette alipokea ukurasa bila kuambiwa kilichoko nyuma ya mlango, akatafuta njia ya kumtoa. Wala hakuruhusiwa kuuliza. Na Atuganile alipokuwa akichora, Yvette alipaswa kuimba lile pambio la Godson huko mbele, juu ya vichwa vya wateja, kwani mchoraji alijitisha mwenyewe kuliko alivyowatisha wasomaji.

Kitabu chao cha kwanza, mwaka 2016, mchapaji alikibana upande usio wake. Watu wakaanza na mwisho: wakamkuta Sikujua yuko nje salama, ndipo wakaanza kusikia mlango ukibishwa. Atuganile alilia siku nzima. Yvette akamwambia, "Voilà, sasa wanajua atatoka. Wataogopa, lakini roho iko kitako." Vitabu vitatu vilivyofuata vilichapishwa Johannesburg, vikabanwa inavyotakiwa, na bado wapo wasomaji wanaoanzia nyuma.

Tarehe 9 Desemba 2017 alifunga ndoa na Anatole Lukusa, fundi simu wa Overport. Alipochumbiwa aliuliza swali moja tu: "Unaweza kuimba?" Anatole akasema ndiyo. Huo ndio uongo pekee tunaoufahamu katika ndoa hiyo, na marehemu aliusamehe kila jioni. Mungu aliwajalia binti mmoja, Grâce, aliyezaliwa mwaka 2019. Yeye haogopi kitu, na jambo hilo lilimtisha mama yake kuliko yote.

Mwezi Februari mwaka huu miguu ya Atuganile ilianza kuvimba. Zahanati haikuwa mbali, lakini langoni palikuwa na watu waliojipa kazi ya kudai vitambulisho, na asiyekuwa na cha nchi hii walimrudisha. Walisikiliza na lafudhi. Atuganile alikwenda, akawaona kwa mbali, akageuka. Akaenda tena, akageuka tena. Tusimlaumu. Alikuwa amewachora watu wale kwa miaka kumi, na sasa walikuwa wamesimama barabarani mchana kweupe, wana viatu na majina.

Mwezi Juni Yvette alimshika mkono. "Leo tunaenda. Weye funga kinywa tu, hawatajua." Wakapanga foleni kimya. Mwanamume mmoja akamsogelea Atuganile, akamuuliza kitu kwa Kizulu. Alikijua Kizulu cha kutosha, lakini kinywa kilikataa kufunguka. Hapo bibi mmoja aliyekuwa mbele yao, kajifunga kitambaa kichwani, akageuka, akamkamata mkono, akasema, "Le yingane yami." Huyu ni mwanangu. Wakampisha. Jina la bibi huyo hatukulipata, na popote alipo tunamwombea maisha marefu.

Yvette hakuwa na wa kumkamata mkono, akabaki nje. Mlangoni Atuganile aligeuka kumtazama, na Yvette akayaona macho yale: ni mtoto aliye chooni, na kaka kanyamaza. Yvette mwenyewe aliogopa. Akifungua mdomo, kila mtu pale atajua ametoka wapi. Akafungua. Akaimba lile pambio la Godson, kwa Kiswahili, kwa sauti yote, mbele ya watu wale wale. Walimtukana, wakamsukuma hadi ng'ambo ya barabara, wakamfukuza mpaka kwenye taa za barabarani, zile ziitwazo hapa robot. Hakunyamaza. Atuganile alipotoka na barua ya kwenda hospitali, alimwambia, "Nilikusikia mpaka kwenye robot, dada. Ulipofika robot daktari akanipima, na sikuogopa."

Hospitali walijitahidi. Wakamuunganisha na mashine ya kusafisha damu, lakini figo zote mbili zilikuwa zimekwisha kuchoka. Akiwa kitandani alichora ukurasa wake wa mwisho. Sikujua amesimama mbele ya mlango. Safari hii hakuna kivuli wala miguu ya mtu, na hakuna anayebisha. Ni mlango tu. Alimpa Yvette, akasema, "Mimi namwingiza," akaishia hapo kwa kukosa pumzi.

"Nitamutoa," Yvette akamjibu. "Nitamutoa, Atu."

Atuganile alifariki dunia Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Anatole alikuwa pembeni yake akiimba vibaya.

Wasomaji wameambiwa kwamba Bi Giza amefiwa. Wanampa pole kwa wingi, bila kujua kwamba nusu yake ndiyo tunayoizika. Ukurasa ule umechapwa nyuma ya ratiba mliyoshika, na mlango bado umefungwa. Yvette amekaa nao tangu siku ile. Ameomba isemwe hapa kwamba anaogopa: miaka yote alijifunza kumtoa msichana aliyeingizwa na mwenziwe, wala hajui nani atamwingiza sasa. Anasema ahadi ni ahadi, atamtoa, ila leo hawezi.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio hiki chote kimekuja kwa mwoga wetu. Basi wahenga watusamehe, au walikuwa hawajamfahamu vizuri.

Marehemu ameacha mume, Anatole, binti, Grâce, kaka, Godson, na Yvette Mapendo, ambaye kwa damu si ndugu, lakini familia imemweka katika mstari huu na hataondolewa.

Mwisho, ratiba inasema jeneza likishushwa tukae kimya kwa dakika moja. Familia imeifuta dakika hiyo. Badala yake Godson ataanza ubeti ule mmoja anaoujua, na sote tuupokee, hata Anatole. Tusinyamaze kuvuta pumzi kwa pamoja. Tupokezane, hadi koleo la mwisho la udongo.

Pumzika, Atuganile, usigutuke tena. Tupo.