Kwa Mke Wangu Kipa, Kabla ya Ndege ya Kesho

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Bi. Roberta Tillis; Baba Paroko, Padri Kessling; Shemasi Lou Bertani, kocha wa makipa wa parokia hii kwa miaka thelathini na mmoja; baba mkwe na mama mkwe, Mzee Vogel na Mama Vogel; wachezaji wa zamani na wa sasa wa timu ya Mtakatifu Walburga; majirani, ndugu na wageni waalikwa; na wewe, mke wangu Corinne, ambaye nimekuweka mwisho kwa sababu kama ningeanza na wewe nisingemfikia mtu mwingine yeyote: habari za mchana.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Emmett Pruitt, yule anayekata majani na kupiga mistari ya chokaa kwenye viwanja vya manispaa hapa St. Louis. Nilisoma nikaishia sekondari. Mwalimu wangu wa wakati ule namwona pale karibu na sinia la ravioli za kukaanga, zile sambusa za Kiitaliano, na naomba leo asinisahihishe.

Tumekusanyika katika ukumbi huu, feni zote zikizunguka na joto la Agosti lisijali hata kidogo, ili kumuaga Corinne. Kesho saa tisa alasiri anapanda ndege kwenda Uingereza, kuidakia klabu ya Wenthaven. Asipokuwepo mazoezini Jumatatu, mkataba umekufa, na kibali chake cha kazi kimekufa pamoja nao. Mimi siendi. Karatasi zangu hazijatoka, na hakuna anayeweza kuniambia zitatoka lini. Leo asubuhi, nikimkaangia mayai, akaniambia, "Emmett, ukisema nibaki, nabaki. Sema tu."

Nikamwambia, "Nitakujibu kwenye hotuba."

Akanirushia kitambaa cha vyombo. Basi, ndugu wageni waalikwa, hamkuja kusikiliza kwaheri peke yake. Kuna mtu hapa mbele, mwenye gauni la kijani na macho ambayo siwezi kuyatazama nikiendelea kusoma, anasubiri jibu.

Nilimfahamuje? Miaka minne iliyopita nilikuwa nasukuma mashine ya chokaa kwenye uwanja wa kule chini mtoni. Nimefika golini, nikakuta msichana amesimama juu ya mstari, hasogei.

"Dada, samahani, nipishe."

"Mstari wako umepinda, kaka."

"Haujapinda."

"Mimi ndiye nitakayesimama hapa dakika tisini. Umepinda. Futa."

Nilifuta. Nilipiga upya. Akautazama kwa jicho moja kama fundi seremala, akasema, "Afadhali." Nawaambieni ukweli mbele ya Baba Paroko: nilirudi nyumbani siku ile nimelewa na sijaonja hata bia. Je, mwanamume anayeambiwa kazi yake ni "afadhali", naye akaona ametunukiwa nishani, ana tiba?

Tangu siku ile nimekuwa mtazamaji wa mambo mawili: Corinne akidaka, na Corinne akisubiri kudaka. La pili nimeliona zaidi. Mnajua kwamba ameitwa timu ya taifa mara kumi na tisa. Mara kumi na nane tumejazana kwa Mzee Vogel mbele ya televisheni, na mara kumi na nane kamera imempitia yuko benchi, glavu mkononi, amezifunga kamba kabisa, kana kwamba ataitwa sekunde hiyo; ile ya kumi na tisa nitaifikia. Beki akichoka anabadilishwa. Mshambuliaji akinuna anabadilishwa. Kipa habadilishwi mpaka avunjike, na mke wangu si mtu wa kumwombea mwenzake avunjike. Alikaa. Alishangilia. Alirudi nyumbani na glavu safi, akaziosha hivyo hivyo.

Kwa hiyo Wenthaven walipomtaka, mwezi wa pili mwaka huu, nilidhani kusubiri kumekwisha. Kumbe Waingereza wana hesabu zao. Mgeni anayetaka kucheza kwao anapewa pointi: umecheza mechi ngapi za taifa, ligi yako ina uzito gani, dakika zako uwanjani ni ngapi. Benchi halina pointi. Barua ya kukataliwa ilifika tukiwa tunachagua maua ya harusi. Corinne aliisoma, akaikunja, akamwambia muuza maua, "Tunachukua yale meupe." Mimi ndiye niliyekwenda nje kulia nyuma ya gari.

Klabu ikakata rufaa, na jopo likaomba ushahidi wa watu wanaomjua. Hapo ndipo Shemasi Lou alipokaa mezani akaandika kwa mkono wake. Nimepata ruhusa yake kuwasomea mstari mmoja: "Nimezika nusu ya parokia hii na nimefundisha nusu nyingine kudaka, na sina sababu ya kudanganya katika uzee: huyu binti ndiye bora kuliko wote." Mwishoni mwa Juni jopo likakubali. Mzee Vogel alipiga kelele mpaka jirani akaja na kifaa cha kuzimia moto.

Sasa nafika mahali pagumu. Shemasi Lou, nakuona umekaa mlangoni, na sahani yako haina kitu. Naomba usitoke.

Tulioana tarehe thelathini na moja Mei, katika kanisa hili, na Shemasi Lou ndiye aliyetufungisha ndoa. Nani mwingine angeweza? Mlikuwepo. Mliona nilivyosahau jina langu la kati. Nimekuwa mume kwa wiki kumi na moja, na bado nikiona soksi zake kwenye kamba yangu ya nguo nasimama nazitazama kama mtu aliye mbele ya dirisha la duka. Lakini mjuavyo, hapa kwetu ndoa haitoshi kufungwa kanisani. Leseni ya ndoa iliyotiwa saini lazima irudishwe ofisi ya kaunti na aliyefungisha ndoa, ndipo ndoa iandikwe kitabuni.

Mwezi wa saba tulikwenda kuchukua cheti, ili na mimi niombe kibali cha kumfuata mke wangu. Karani alitafuta, akatafuta tena.

"Hapa hamna ndoa yenu."

"Mama," nikasema, "sisi tumeoana Mei! Watu mia mbili walikula keki!"

"Baba, keki hatuisajili."

Corinne alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu akaacha kucheka. Tulimpigia Shemasi Lou pale pale. Tukasikia zipu ya begi lake la mazoezi. Kisha ile sauti inayotangaza Injili kila Jumapili ikasema kwa unyonge, "Watoto wangu, leseni iko hapa. Chini ya glavu."

Mtauliza, kwa nini msifunge upya siku ile ile? Nilimwuliza wakili wa klabu. Akasema, "Msiguse chochote. Kwenye ombi lake ameandika ameolewa Mei. Mkileta cheti cha Julai, Waingereza wataona amedanganya, na kibali chake kinaweza kufutwa." Basi tunamsubiri hakimu aithibitishe tarehe ya Mei. Kesi yetu ni Oktoba. Baada ya hapo ndipo ombi langu linaanza foleni.

Wapo walionishika mkono hapa ukumbini na kuniambia Lou ameniharibia. Hapana. Huyu mzee amemfundisha mke wangu kuanguka bila kuumia tangu akiwa na miaka tisa. Mikono inayonishika shingoni asubuhi, yeye ndiye aliyeifundisha kushika. Shemasi, kama umesahau karatasi moja katika miaka thelathini na mmoja, mimi nasahau siku ya kutoa taka kila wiki. Tafadhali, mtu ampelekee mzee huyu ravioli, na amsimamie mpaka amalize.

(Baba mkwe, nimekusikia. Ndiyo, namalizia. Ndiyo, najua keki ya siagi inayeyuka.)

Corinne. Nilianza kuandika jibu lako Jumanne. Niliandika "baki" kwenye karatasi tatu tofauti, na nilikuwa na sababu nzuri kila mara. Nani atanifungulia chupa ya achari? Nitalala upande gani, kitanda chote kikiwa changu? Nikisikia kitu cha kuchekesha saa moja jioni, na kwako ni saa saba usiku, nitakihifadhi wapi mpaka uamke? Nimekuwa nikikukosa wiki nzima nawe uko jikoni unaimba vibaya. Sijui hilo linaitwaje, lakini linauma kweli.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo hujui kwamba nililiona. Ni ile mechi ya kumi na tisa ya taifa, Novemba iliyopita, niliposafiri nikaja uwanjani. Filimbi imepigwa, wenzako wameingia ndani, watu wanatoka, na mimi nimechelewa kwenye ngazi. Nikakuona umetoka tena peke yako. Ukaenda golini. Hakukuwa na mpira. Ukagusa mlingoti huu, ukagusa ule, ukarudi katikati, ukaruka kulia ukiwa umenyoosha mikono yote miwili, ukaanguka, ukalala pale kidogo umekumbatia hewa. Kisha ukainuka, ukajikung'uta majani, ukaenda kupanda basi.

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kuja, kwa chakula, na kwa kuniachia muda wote huu. Mmenisikiliza kwa upole kuliko nilivyostahili, na sasa naomba mnivumilie kwa neno moja tu, ambalo si lenu.

Mke wangu, nenda ukadake.