Bi. Germana Sulle: Miaka Thelathini na Minne ya Masijala, na Sifuri Moja

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Germana Sulle atakabidhi funguo za masijala ya hospitali yetu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Alikuja kutoka Rhotia mwaka 1991 akiwa karani, na anaondoka akiwa Mtunza Kumbukumbu Mkuu. Katika muda wote huo hakupoteza jalada hata moja.

Waliofanya naye kazi wanaujua ukali wake. Jalada halikutoka masijala bila saini, hata kwa mganga mfawidhi. Dkt. Joshua, katika wiki yake ya kwanza kazini, alirudishiwa karatasi mbele ya wagonjwa: “Baba, hii ni dawa au ramani ya kwenda Mbulu? Kaandike upya.” Aliandika upya, na hadi leo mwandiko wake unasomeka.

Hata hivyo, wasifu huu hauwezi kuwa wa furaha tupu. Yeye mwenyewe ametukataza.

Akina mama wa jamii ya wafugaji hawataji mtoto aliyefariki, wala hawahesabu watoto wao mbele ya mgeni. Bi. Germana alijifunza hilo mapema, akaacha kuwauliza. Aliwasikiliza wanawake waliowasindikiza, kisha akaweka nukta moja nyekundu kwenye pembe ya kadi kwa kila mtoto asiyekuwapo tena. Wauguzi wote waliielewa alama hiyo.

Mwaka 2022 kadi zilihamishiwa kwenye kompyuta, na mwaka uliofuata tuliunganishwa na hifadhidata ya magonjwa adimu. Programu za akili mnemba, ambazo vijana wanaziita mawakala, hupokea dalili na historia ya mgonjwa, huipekua hifadhidata hiyo kwa chombo maalumu cha kutafutia, kisha humletea daktari orodha ya magonjwa, unaodhaniwa zaidi ukiwa juu. Fomu ilikuwa na sehemu ya ndugu wa mtoto waliofariki, nayo haikukubali kuachwa wazi. Nukta nyekundu haikuwa na mahali pa kuwekwa. Bi. Germana, aliyejaza fomu hizo, aliona si heshima kuandika idadi ambayo mama hakuitamka. Aliandika sifuri.

Januari 2024, Nosim, mama kutoka Arash, aliletwa kwa rufaa na mtoto wake wa tatu, mvulana mchanga mwenye manjano, aliyetapika kila aliponyonya. Chombo kilipekua. Kwa kuwa hakikuona kifo chochote katika familia, magonjwa ya kurithi yalishushwa chini. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa thelathini na saba, na hakuna daktari anayesoma orodha hadi huko. Mtoto alitibiwa maambukizi ya damu. Aliendelea kunyonya. Alifariki.

Asubuhi iliyofuata Bi. Germana aliitoa kadi ya zamani ya Nosim. Ilikuwa na nukta mbili. Alisimama nayo katika kikao cha asubuhi na kusema, “Sifuri hii ni yangu.” Dkt. Joshua aliingiza idadi sahihi na kukiuliza chombo upya. Ugonjwa ulipanda hadi nafasi ya kwanza: mwili wa mtoto hauwezi kuvunja sukari iliyomo ndani ya maziwa, hata ya mama yake. Kwa familia isiyolala bila maziwa, hakuna habari mbaya kuliko hiyo.

Kwa miezi minane Bi. Germana alizipitia kadi zote, moja baada ya nyingine. Palipokuwa na nukta alitafuta uhakika, tena bila kumuuliza mama. Alipanda basi hadi Wasso, kisha bodaboda hadi Arash, pamoja na Namelok, mhudumu wa afya wa kata, wakawatafuta wakunga. Mkunga mmoja alimcheka, akimwita mama kwa lugha yao: “Yeyo, hata ng'ombe hatuwahesabu kwa sauti, wewe unataka watoto?” Namelok alipomweleza sababu, bibi huyo alitaja misimu aliyoitwa kwenye kila boma kuzalisha watoto wasiokuwapo tena. Bi. Germana aliandika misimu hiyo. Fomu yetu sasa ina sehemu ya maneno ya mkunga, na chombo kinaisoma.

Ziligundulika familia nyingine mbili zenye ugonjwa huo. Kwao taarifa ilifika baada ya vifo.

Nosim alijifungua tena Februari mwaka huu. Kwa siku tisa, akisubiri majibu ya damu, alijifunga matiti kwa kitambaa huku mwanawe akilia kando yake, akilishwa maziwa ya unga ya soya. Mama mkwe wake alisema waziwazi kuwa hospitali imemfundisha kumnyima mtoto haki yake. Nosim hakufungua kitambaa. Majibu ya damu yalithibitisha ugonjwa. Mtoto ni wa kike, anaitwa Sifa, na ana miezi minne. Madaktari hawaahidi zaidi ya hapo.

Rasimu ya wasifu huu ilipelekwa kwa Bi. Germana ili aihakiki. Alifuta sentensi moja tu, ile iliyosema kwamba alimwokoa Sifa. Pembeni aliandika kwa mkono wake: “Kaka yake aliishi siku kumi na sita.” Tumeiacha kama alivyotaka.

Bi. Germana, tunakushukuru. Uwe na afya, na siku zako za Rhotia ziwe njema.