Picha Mbili za Uani Tabata

Miaka kumi na saba na miezi minne. Ndiyo aliyotutumikia Mzee Revelian Kamugisha, mpiga picha za wanyama wa idara yetu, tangu Machi 1962 hadi leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1979, anapostaafu. Mie Mwajabu wa chumba cha giza ndimi niliyepewa kazi ya kuandika haya, na nayaandika nimechoka, maana maji ya kusafishia filamu bado tunayabeba kwa ndoo.

Alianza kwa kubeba mikoba ya wenziwe. Kufikia 1965 alishapewa kamera, na kalenda zetu zote za wanyama ni kazi ya mkono wake. Mikumi, Ruaha, Serengeti, kote kafika, kote kaumwa na mbung'o. Mwaka 1970 alikaa siku tisa Ruaha akimngoja tembo mmoja ageuke. Tembo akakataa katakata. Tukaletewa filamu nzima ya matako, na mkuu wetu wa wakati ule akauliza kama mnyama huyo ana ugomvi na serikali.

Sasa niseme lililo moyoni. Filamu ikitiwa kwenye kamera, mwanzo wake huungua kwa mwanga na picha mbili hupotea. Ndiyo kawaida ya kazi. Mzee Revelian hakukubali zipotee. Kila asubuhi ya safari, nyumbani kwake Tabata, alijifunika blanketi zito akaitia filamu gizani, kisha zile mbili alizookoa akawapigia viumbe wa uani kwake: nguchiro, ndege chozi kwenye maua, komba aliyechelewa kulala. Mie nilizisafisha, nikampa, na kwenye rejista nikaandika picha thelathini na sita kama kawaida. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Mwezi wa Mei, nikiwa hoi kwa foleni ya sukari, niliandika thelathini na nane. Kosa langu, si la mwingine. Filamu zenyewe siku hizi hazipatikani, basi kamati ya nidhamu ikauliza mbili za ziada zimetoka wapi. Mzee akaitwa, zimebaki wiki sita tu, ajieleze kwa nini ametumia mali ya umma kwa mambo yake. Barua ya namna hiyo ikiingia jaladani, mtu huondoka na jina limechafuka. Jamani, sikupata usingizi! Nilikwenda mwenyewe mbele ya kamati nikakiri kwamba nilijua miaka yote.

Mzee hakunilaumu hata kwa jicho. Alifungua kopo la biskuti lililojaa picha, akazipanga mezani mwaka kwa mwaka, zote zimepigwa mlangoni pa jiko lake. Ya 1965 ni kichaka na nguchiro watano. Ya 1969 wapo watatu, na nyuma yao msingi wa nyumba. Ya 1974 yupo mmoja, juu ya ukuta. Ya mwaka huu ni ukuta tu.

Mwenyekiti, Ndugu Mwinjuma, aliishika ile ya 1969 muda mrefu. Msingi ule ulikuwa wa nyumba yake. Akasema polepole kwamba siku ya kuchimba walikuta watoto wa nguchiro shimoni, na hajawahi kumwambia mtu.

Barua haikuandikwa. Kamati iliagiza picha zote za uani ziingizwe rejistani kwa jina la Mzee Revelian. Niliziandika mie, siku nne mfululizo, mkono ukiniuma na moyo umetulia.

Juzi amerudisha kamera stoo. Nilimwomba radhi tena, akanicheka, akaniambia niache kujichosha. Nikamuuliza atafanya nini huko uani mikono mitupu. Akasema atakaa tu atazame, kwani miaka yote hii kila ndege mzuri aliyemwona, alimwona jicho moja limefumbwa.

Ahsante kwa kazi, Mzee wetu. Mungu akupe afya na siku nyingi, uwatazame kwa macho yote mawili.