Kidonge cha Saa Nne

"Sili mbele za watu," Mzee Ishaq alisema kwa mara ya tatu tangu basi litoke Mwatate.

Muhonja, aliyeketi nyuma ya mzee na mkewe, alikwisha kujua yote bila kuuliza: mzee ana saratani ya damu, anatakiwa kumeza kidonge kila siku saa nne, na hakimezwi tumbo likiwa tupu.

"Nitameza nyumbani."

"Kama jana? Jana ulisahau," mkewe, Bi Zaitun, akasema.

"Kwani naumwa? Si madaktari wanitie uboho mpya mifupani mara moja, tumalize?"

"Daktari amesema vidonge vinakutosha. Huumwi kwa sababu unavimeza, bwana wangu. Na mimi bado nakutaka."

Mzee akageukia dirisha. "Wenzangu hawana kitu mkononi. Nitatafunaje peke yangu?"

Bi Zaitun akafungua kopo la mahamri, akawagawia abiria wa viti vyote vya karibu. Muhonja, aliyekuwa ameshiba chai, alichangia matibabu kwa kula mawili.

"Haya, wote wanakula," Bi Zaitun akamwambia mumewe.

Mzee akala, akameza kidonge kwa maji. Basi liliposimama Voi, alikuwa anaomba hamri la pili.